Kwa nini sauti hazigombani ndani ya miksa

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro, mpiga gitaa wa kwaya, ameleta swali zuri sana. Amplifaya yao ina tundu moja na magitaa ni mawili, hivyo fundi aliwatengenezea waya wa miguu miwili inayoishia kwenye jeki moja. Ikawa mwenzake akishusha sauti ya gitaa lake hadi sifuri, la kwake nalo linakufa. Baadaye wakaazima miksa ya chaneli 16. Humo sauti zote zinakutana vilevile, lakini mmoja akishushwa wengine hawatikisiki. Anauliza: humo ndani waya haziungani?

Zinaungana. Jinsi zinavyoungana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mtambo huu, kwa hiyo mengine nitayapita mbio. Kipaza sauti hutoa milivolti chache tu, na geini huzikuza, wakati mwingine hadi mara 1,000. Ikwaliza hurekebisha besi na trebo, feda hupandisha na kushusha, nobu ya pan hugawa kushoto na kulia. Baada ya hapo sauti huingia mahali pasipo na nobu hata moja, na kazi kubwa hufanyika hapo.

Tuanze na yale magitaa mawili. Nobu ya sauti ya gitaa la umeme ikifika sifuri, huunganisha waya wa sauti moja kwa moja na ethi. Umeme wa gitaa la pili ukifika kwenye kiungo hukuta njia mbili: ya kuingia kwenye amplifaya, yenye ukinzani mkubwa, na ya kurudi kupitia gitaa la mwenzake hadi ethi, ambayo karibu haina ukinzani. Unapita palipo rahisi, na amplifaya inabaki bila kitu.

Ndani ya miksa, kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, kuna waya mmoja mrefu unaopita chaneli zote, nami nitauita waya wa kukusanyia. Kila chaneli humwaga sauti yake humo kupitia rezista yake. Mwisho wa waya kuna chipu ndogo ya miguu minane, mara nyingi TL072 au NE5532, yenye amplifaya mbili ndani yake. Amplifaya inayohusika ina mlango chanya uliofungwa kwenye ethi na mlango hasi uliofungwa kwenye waya wa kukusanyia. Inachofanya ni kupima tofauti kati ya milango hiyo na kuikuza mara nyingi mno, kwa besi za chini kabisa hata mara 100,000 au zaidi. Kisha rezista nyingine inaunganisha tokeo lake na ule mlango hasi.

Sasa fikiria pipa uani, na mipira ya maji kutoka kwenye matangi ya nyumba tatu, moja la juu sana, moja la wastani, moja la chini. Ukiliacha pipa lijae, maji ya tangi la juu yatapanda hadi kulisukuma la chini, na maji yatarudi kwa jirani. Mweke kijana mwenye ndoo pembeni, mwambie asiruhusu maji yapande hata kidole kimoja. Kila tone linaloingia analichota na kulimwaga nje. Midomo ya mipira haizami kamwe, hivyo hakuna tangi linalojua kama jingine lipo. Funga bomba la nyumba moja, zile mbili zinaendelea kama kawaida. Na ukitaka kujua jumla ya maji yaliyoletwa na nyumba zote, hesabu ndoo za kijana. Macho yake ni mlango hasi, mikono yake ni tokeo, ndoo ni ile rezista ya kurudi. Maji yakija kwa kasi kuliko mikono yake, pipa linajaa. Kwenye chipu mikono hiyo ina kikomo cha kama volti 15 juu ya sifuri na 15 chini, na ikifika hapo sauti inakwaruza.

Tuweke hesabu. Chaneli moja ilete volti 1, nyingine nusu volti, kila moja kupitia omu 10,000. Mikondo ni miliampea 0.1 na 0.05, jumla 0.15. Ikipita yote kwenye rezista ya kurudi yenye omu 10,000, tokeo ni volti 1.5, kichwa chini, na hatua inayofuata huligeuza. Waya wa kukusanyia wenyewe una nini? Kwa besi hizo za chini, gawanya 1.5 kwa 100,000: mikrovolti 15. Umepitisha muziki wote, nao umebaki karibu na sifuri kabisa!

Sehemu hiyo ya waya nimejaribu kuiita ethi bandia, ila jina linaionea, kwa sababu bandia hudanganya na hii inafanya kazi kweli. Naichagua ethi kaimu: haikuunganishwa na ardhi, ila inatekeleza majukumu yote ya ofisi.

Wazo hili la kurudisha tokeo ili lipingane na ingizo lilimjia Harold Black, mhandisi wa simu wa Bell Labs, asubuhi ya 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akielekea kazini New York. Alilichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Alikuwa anahangaikia mikwaruzo katika laini za simu za masafa marefu.

Ukishaelewa waya wa kukusanyia, nobu za oksi, zile zinazopeleka sauti ya chaneli kwenye spika za jukwaani au kwenye mwangwi, hazitishi tena. Kila oksi ni waya mwingine wa kukusanyia wenye ethi kaimu yake; kinachobadilika ni mahali pa kuchotea. Spika za jukwaani huchotewa kabla ya feda, ili mwimbaji aendelee kujisikia hata fundi akicheza na feda za ukumbini. Mwangwi huchotewa baada ya feda, ili mwimbaji akishushwa mwangwi wake ushuke naye. Chaneli zikiwa nyingi kelele ya chini huongezeka kidogo, lakini kwa miksa ya kwaya hilo lisikusumbue.

Ndugu msomaji, waya wa miguu miwili uachane nao. Kila gitaa lipate chaneli yake. Na sauti ikikwaruza huku taa za chaneli zote zikiwa za kijani, msikimbilie feda ya masta, kwa kuwa kwenye miksa nyingi hiyo iko baada ya yule kijana wa ndoo. Shusheni feda za chaneli, zote kwa pamoja.