Hedaya ya Ua la Nyumbani

Ndugu msomaji, katika Sahihi ya Muslim imo Hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) inayotuagiza tusiikatae rihani tunapopewa, kwa kuwa haimlemei mtu kuibeba na harufu yake ni njema. Basi kupeana maua si upuuzi wa watu wasio na kazi. Ni katika adabu za ujirani. Lakini yatupasa tuulize: ua tunalopeana latoka wapi?

Twauliza hivi khususan kwa ajili ya okidi. Nchi ya juu ya Ufipa imejaaliwa maua haya. Mvua zinyeshapo, tangu Novemba hata Aprili, okidi za ardhini huchipua kati ya nyasi, na nyingine hukaa juu ya miti katika msitu wa milima ya Mbizi, karibu na mji wa Sumbawanga.

Okidi nyingi za ardhini zina viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, nacho hunyauka kwa kulilisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kipya na kigumu, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Hicho kipya ndicho kichimbwacho. Hukaushwa, hutwangwa, kikapikwa pamoja na unga wa karanga, kikawa chakula kiitwacho chikanda, kipendwacho sana Zambia. Biashara hiyo ilipokua, wataalamu walikadiria, mwanzoni mwa karne hii, kuwa viazi vilivyokuwa vikivushwa kutoka Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania vilifikia mamilioni kila mwaka. Kuyalinda maua hayo ni sababu mojawapo iliyofanya uwanda wa Kitulo uwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Pengine mtu atasema, "Mbegu si zipo?" Naam, zipo. Tunda moja la okidi laweza kuwa na maelfu ya mbegu, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hiyo haina chakula ndani yake. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha, kisha hupita miaka kabla haijatoa ua. Jembe laondoa kwa dakika moja kitu kilichokua kwa miaka. Hatusemi haya kumlaumu maskini atafutaye karo ya mwanawe. Twasema ili kila mmoja ajue anachokichukua.

Je, apendaye okidi afanye nini? Asing'oe za mbugani, kwani aghalabu hufa zikihamishwa. Na atafute zile za mitini zilizoanguka pamoja na tawi lililovunjika, kwa idhini ya wenye msitu. Hizo hazinyonyi mti, huuegemea tu. Aifunge okidi kwa kamba laini juu ya gome la mti uani, penye kivuli chepesi na upepo, wala asiifukie udongoni, maana mizizi yake yataka hewa. Wakati wa kiangazi ainyunyizie maji asubuhi, kwa kiasi.

Miaka ikipita, zile zenye mashina manene yaliyovimba huongezeka. Hapo ndipo wakati wa kugawana. Akate kwa kisu safi, na kila fungu libaki na mashina matatu au zaidi pamoja na mizizi yake, kisha ampelekee jirani. Na ikichanua mapema kwake, basi ampelekee jirani shada ndani ya gilasi ya maji, amwonjeshe uzuri wake. Asiye na cha kugawa na amwalike mwenziwe aje atazame.

Tena hedaya hii ina faida kwa mtoaji mwenyewe. Baridi ya Juni na Julai yaweza kuiua okidi yake, au mbuzi akaila. Lakini lile fungu alilompa jirani likiwa hai, atarudishiwa kipande naye aanze upya. Kumbe alipotoa hakupungukiwa. Aliweka akiba yake mahali pema.

Enyi vijana wa Ufipa, mna ufundi huu mikononi mwenu. Ua lililoko mbugani liacheni na akiba yake. Lile lililokuzwa nyumbani ndilo la kugawana. Nanyi kina mama, mkipelekewa ua na jirani, lipokeeni kwa furaha, hata kama ni moja tu.