Blu-ray haifunguki kwa laptopu: mbele ya kulipia programu, angalia kwanza lekteri na diski

Mgeni anatoka Bruxelles, anafika Goma na sanduku lake. Ndani, katikati ya nguo na dawa za mama, iko diski moja katika kifuniko cha bluu: video ya ndoa ya mtoto, ile ndoa yenye watu wa nyumbani walikosa kuhudhuria kwa sababu ya viza. Jirani mwenye laptopu anaitwa, watu wanakaa, diski inaingizwa. Mashini inazunguka kidogo, inalia, kiisha inanyamaza. Kwa skrini hakuna kitu. Kesho yake fundi anasema: « Inakosa programu ya Blu-ray, leta pesa niweke. »

Fundi anaweza kuwa anasema kweli, ao anaweza kukosea bila kujua. Maana wakati Blu-ray inakataa, shida inaweza kuwa kwa lekteri, inaweza kuwa kwa kufuli lenye liko ndani ya diski, na mara zingine tu njo inakuwa kwa programu. Mwenye kulipia programu mbele ya kujua shida iko wapi anaweza kupoteza pesa yake na diski isifunguke hata hivyo.

Tuanze na diski yenyewe. Kwa macho, CD, DVD na Blu-ray ni ndugu: zote ziko na upana wa sentimita 12. Lakini DVD inasomwa na mwangaza mwekundu, na Blu-ray inasomwa na mwangaza wa bluu unaoelekea zambarau. Mwangaza huo ni mwembamba zaidi, unaweza kusoma alama ndogo sana zenye mwangaza mwekundu hauwezi kutofautisha. Njo maana DVD ya kawaida inabeba giga 4,7 tu, lakini Blu-ray inabeba giga 25, na ile ya tabaka mbili inafika giga 50. Iliingia sokoni mwaka 2006.

Kutokana na hayo, kuna jambo lenye fundi yeyote hawezi kubadilisha: lekteri ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray hata siku moja. Hakuna programu ya kuongeza mwangaza wa bluu ndani ya mashini yenye haina. Laptopu nyingi za okazioni zenye zinauzwa huku kwetu, zile zinapita Dubai ao Kampala mbele ya kufika Butembo, Bunia ao Birere, ziko na lekteri ya DVD, na zile mpya mara nyingi hazina lekteri hata moja.

Kujua ni rahisi na hakuombi pesa. Tazama mbele ya lekteri, pale diski inatokea. Kama iko na alama ya Blu-ray, ao herufi BD, ni vizuri. Kama imeandikwa DVD peke yake, habari ya programu imeishia hapo. Kwa mashini yenye alama zimefutika, ingia katika Windows, fungua « Gestionnaire de périphériques », utafute mustari wa lekteri za DVD na CD: jina la lekteri ya Blu-ray karibu kila mara liko na BD ndani. Dalili ingine: Windows inakuomba uingize diski wakati diski iko tayari ndani. Lekteri haiione, basi.

Mwenye hana lekteri hiyo anaweza kununua ya inje, ile ya kuchomeka kwa USB. Wakati wa kuinunua, uliza kama inakuja na karto yake na programu yake. Watengenezaji wengine wanaweka ndani ya karto diski ya programu yenye leseni tayari, na hiyo pengine itakuwa njia ya bei ndogo kuliko zote. Angalia pia kebo. Lekteri ya Blu-ray inakula umeme, na tundu moja la USB la laptopu yenye batri imechoka linaweza kushindwa kuibeba. Njo maana lekteri zingine ziko na kebo ya vichwa viwili. Diski yenye inaanza kuzunguka kiisha inakatika, inarudia, inakatika tena, mara nyingi inakosa nguvu tu.

Kufuli ndani ya diski

Tuseme lekteri ni ya kweli. Sasa inakuja swali la pili, lenye watu wengi hawalijui: diski hii ilitoka kiwandani ao ilitengenezwa na mtu?

Filme ya dukani, ya Hollywood ao ya Ufaransa, imefungwa na kufuli linaloitwa AACS. Kufuli hilo lilitengenezwa na makampuni makubwa pamoja, kama vile Sony, Panasonic, Toshiba, Intel, Microsoft, Disney na Warner, ili watu wasinakili filme. Picha ndani ya diski zimevurugwa, na ni programu yenye ufunguo tu inaweza kuzipanga tena. Ufunguo unapewa yule amelipa leseni. Na kama ufunguo wa programu moja umeibwa na kutangazwa, diski zitakazotoka kiisha hapo zinaandikwa zisiukubali tena. Njo maana programu moja inaweza kusoma vizuri filme ya zamani na kukataa ile mpya, ikuambie ufanye mizajuri kwa intaneti. Haijaharibika. Funguo zake zimezeeka.

Hii pia njo sababu Windows haisomi filme za Blu-ray yenyewe. Leseni inaomba pesa, na Microsoft haikuiweka. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, hata filme za DVD ziliondolewa katika kile Windows inasoma bila kuongezewa kitu. Apple nayo haijawahi kuweka lekteri ya Blu-ray ndani ya Mac.

Lakini diski ya ndoa, ya matanga, ya kutawazwa kwa padri, ile imechomwa na mpiga video kwa ordinata yake huko Liège ao Paris, kwa kawaida haina kufuli lolote. Na hapa programu ya kulipia haina lazima. VLC inatosha. Ni ile yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa, yenye karibu kila mtu iko nayo kwa mashini. Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, na ni ya bure mpaka leo. Kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 2012 inaweza kufungua Blu-ray. Kuishusha kwa intaneti kunakula karibu mega 40. Ishushe kwa tovuti ya VideoLAN, wenyewe walioitengeneza, hapana kwa tovuti zingine zenye zinaifunga pamoja na takataka.

Ndani ya VLC, enda kwa « Média », kiisha « Ouvrir un disque », chagua Blu-ray, na uweke alama kwa kisanduku cha kukataa menyu. Menyu za Blu-ray nyingi zinaomba Java ndani ya ordinata, na wengi wanakwama hapo bure, wakafikiri diski imekufa.

Kama bado inakataa, iko njia ingine. Fungua diski kama vile unafungua flashi, kwa « Ce PC ». Utaona folda inaitwa BDMV, na ndani yake ingine inaitwa STREAM. Humo mna fishie zenye mwisho wa jina lake ni m2ts. Ile kubwa kuliko zote, ya giga kadhaa, mara nyingi njo video yenyewe. Ibonyeze mara mbili na VLC itaanza kuicheza. Kwa ile diski ya ndoa, wakati lekteri ni ya BD, pengine kazi yote inaishia hapo, bila franka hata moja kutoka mfukoni.

Ikifunguka, usiiache kwa diski peke yake. Nakili ile fishie ya m2ts ndani ya diski ngumu. Kwa flashi, iko mtego: flashi nyingi zinauzwa zikiwa zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali fishie moja inayopita giga 4. Utaona neno kwamba fishie ni kubwa mno, hata kama flashi ni ya giga 64 na haina kitu. Inabidi kuipanga upya kwa exFAT, na kazi hiyo inafuta vyote vilikuwa ndani, basi toa kwanza picha zako.

Kama ni filme ya dukani

Hapa mambo ni magumu zaidi, na ni vizuri kuyasema bila kuficha. Programu yenye inajulikana zaidi kwa Windows ni PowerDVD ya CyberLink, kampuni ya Taiwan. Iko na leseni, inasoma filme, inaleta menyu na maneno ya chini. Lakini inauzwa kwa madaraja, na lile la chini, Standard, halisomi Blu-ray. Ile ya juu, Ultra, njo inasoma. Mtu anayeona jina PowerDVD na bei ndogo, akalipa haraka kwa karta, anaweza kujikuta amenunua programu ya DVD yenye VLC ingemfanyia bure. Na hata ile ya juu inaomba intaneti: ya kuishusha, ya kuifungua mara ya kwanza, na ya kubadilisha funguo kila wakati. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, hesabu haimaliziki siku ya kulipa programu.

Njo maana pia ile PowerDVD ya wizi, yenye inatembea kutoka flashi mpaka flashi, inadanganya watu. Ili isigunduliwe, wanaikataza kuzungumza na intaneti. Lakini bila intaneti haipati funguo mpya. Mwaka huu inasoma, mwaka ujao inakataa filme mpya, na katikati ya hapo inaweza kuwa imeleta virusi kwa mashini yenye kazi zote za ofisi ziko ndani.

VLC nayo, kwa filme ya dukani, inakwama kwa kufuli, maana haina funguo zake. Watu wengine wanatafuta kwa intaneti fishie ya funguo na kuiongeza kwa mkono. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine hapana, na sheria za Ulaya na Marekani zinakataza kuvunja kufuli la namna hiyo. Mwenye kuahidi kwamba VLC inasoma Blu-ray zote ameona moja tu imekubali.

Mbele ya kununua diski, tazama nyuma ya karto yake. Blu-ray ziko na maeneo matatu: A, B na C. Kongo, pamoja na Afrika yote, iko katika B, sawa na Ulaya. Hii ni bahati, sababu kwa DVD Afrika yetu na Ulaya walitenganishwa. Filme ya Blu-ray kutoka Ubelgiji ao Ufaransa haina shida ya eneo huku. Ile ndugu anatuma kutoka Marekani ao Kanada inaweza kuwa ya A, na programu ya leseni itaikataa hata kama umelipa yote.

Na kama karto ni nyeusi na imeandikwa 4K Ultra HD, achana nayo kwa laptopu. Diski hizo, zilianza mwaka 2016, zinaomba lekteri yake maalum na pia kitu kinachoitwa SGX ndani ya prosesa ya Intel. Intel yenyewe iliondoa SGX katika prosesa zake za Core kuanzia kizazi cha 11. Basi laptopu mpya ya bei kali inaweza kukataa filme yenye ile ya zamani ingekubali. Mara nyingi ndani ya karto hiyo muko pia diski ya pili, Blu-ray ya kawaida, jaribu hiyo.

Wenye vyumba vya kuonyesha filme kwa kulipisha wajue mambo mawili. Programu ya leseni inaweza kukataa kupeleka picha kwa projektere ya zamani yenye kebo ya VGA, sababu inatafuta ulinzi wa HDCP kwa kebo na skrini. Na kununua diski hakukupi ruhusa ya kuionyesha kwa watu wenye kulipa: haki za waandishi zinalindwa hapa kwetu na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986.

Swali lingine, lenye mafundi hawapendi kuuliza, ni kama skrini inastahili gharama hiyo. Laptopu nyingi za okazioni ziko na skrini ya nukta 1366 kwa 768. Blu-ray inaleta 1920 kwa 1080. Ile picha ya ziada yenye umelipia, mashini inaitupa. Kwa skrini kama hiyo, DVD ya filme ileile itaonekana karibu sawa, na lekteri unayo tayari.

Kwa wenye ndugu inje, ujumbe mmoja wa WhatsApp unaweza kumaliza shida mbele diski haijapanda ndege. Waombe wamwambie mpiga video atoe nakala ya MP4, ya 1080, kwa flashi ya exFAT. Diski nzuri yenye picha ya maharusi kwa kifuniko waitume pia, ikae kabatini pamoja na albamu.