Mgeni Nchini China: Huduma za Kila Siku na Jinsi Zinavyofungamana

Vijana wengi wa Afrika Mashariki huenda China kusoma, na wafanyabiashara wetu hufuata bidhaa Guangzhou na Yiwu. Wazazi wanaobaki nyumbani huuliza kuhusu ada na nauli, lakini mara chache huuliza mtoto wao ataishije akishafika. Katika makala hii tunaeleza huduma anazozihitaji mgeni kila siku, na kwa nini anayeruka hatua ya kwanza hukwama katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya kwanza ni polisi. Kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, mgeni anayelala hotelini huandikishwa na hoteli yenyewe. Anayefikia nyumba ya kupanga, au kwa rafiki, anatakiwa yeye au mwenyeji wake kutoa taarifa polisi ndani ya saa 24. Asiyefanya hivyo huonywa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Tena, mwenye viza inayodai kibali cha ukaazi hupewa siku 30 tangu kuingia nchini awe amekiomba, na hapo ataulizwa uthibitisho kwamba aliandikishwa. Karatasi ya polisi, basi, itunzwe pamoja na pasipoti.

Hatua ya pili ni simu. Laini husajiliwa kwa pasipoti, na namba hiyo ndiyo hupokea ujumbe wa benki wa kuthibitisha mwenye akaunti. Akaunti nayo huunganishwa na WeChat au Alipay, programu mbili ambazo watu hulipia karibu kila kitu: mboga, nauli ya basi, umeme, hata chakula cha kando ya barabara. Muuzaji hubandika picha ya mraba yenye vidoti, mteja huielekezea kamera ya simu, na malipo yamekwisha. Tangu mwaka 2023 ni rahisi pia kuunganisha programu hizo na kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China, na hilo humsaidia mgeni ambaye bado hana akaunti ya huko. Noti ni halali, ila chenji huwa tabu.

Katika hatua hizi zote, jina lazima liwe lilelile la kwenye pasipoti. Sisi tumezoea majina matatu, na leo tunaanza na la ukoo, kesho na la ubatizo. Mashine haina mazoea hayo. Majina yakipunguzwa au yakipinduliwa benki, simu na akaunti huonekana ni za watu wawili tofauti, na malipo hukataa. Tunashauri kila fomu ijazwe pasipoti ikiwa mkononi.

Hata tiketi ya treni hununuliwa kwa namba ya pasipoti, na pasipoti yenyewe ndiyo huonyeshwa mlangoni. Hospitalini mgonjwa huanza kwa kujiandikisha na kulipia kumwona daktari. Akiandikiwa vipimo, hulipa kwanza ndipo apimwe. Dawa vivyo hivyo. Mwanafunzi aulize chuoni mapema bima yake inalipa nini, na awe na akiba kidogo, kwa sababu ugonjwa hausubiri fedha kutoka nyumbani. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 120, polisi 110, zimamoto 119.

Wazazi nao wana la kufanya kabla ya safari. WhatsApp, Facebook na Google hazifunguki kwa kawaida nchini humo, hivyo familia ijifunze kutumia WeChat mapema. Wakumbuke pia kwamba China nzima hufuata saa moja, iliyo mbele ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Ukipiga saa mbili usiku, mtoto yuko saa saba usiku.

Kuhusu ibada, kanuni za mwaka 1994 zinamruhusu mgeni kushiriki ibada katika makanisa, lakini zinamkataza kuanzisha vyama vya dini au kutafuta waumini miongoni mwa raia wa China. Guangzhou kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, lililojengwa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888, ambako Waafrika wengi wamesali Misa ya Kiingereza.

Mwisho, tusidhani kwamba simu inatosha. Programu ikigoma, anayemsaidia mgeni ni mlinzi wa getini, mhudumu wa bweni au mwanafunzi wa chumba cha jirani. Ajifunze kuwasalimu, kuomba msaada na kushukuru kwa Kichina tangu wiki ya kwanza, na aandikiwe anwani yake kwa herufi za Kichina. Parokia inayomuaga kijana wake imtafutie pia namba ya mwenzake aliyetangulia.