Galaksi kibete, kundinyota na kundi la galaksi

Usiku wa giza mwezi Novemba, anga ya Singida ikiwa safi, upande wa kusini huonekana mabaka mawili hafifu: Mawingu ya Magellan. Kila moja ni galaksi kibete, yaani mkusanyiko wa nyota na gesi ulio mdogo sana kuliko galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Galaksi kibete nyingine ni hafifu mno, hata darubini huzikosa. Hata hivyo, gesi yake ya haidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, ambayo hunaswa kwa antena kubwa. Ndivyo ilivyopatikana Leo P, iliyotangazwa mwaka 2013 kwa msaada wa antena ya Arecibo, Puerto Rico.

Mfasiri ajihadhari hapa. Leo P huonekana upande wa kundinyota la Simba, liitwalo pia Asadi, lakini haimo humo. Kundinyota ni umbo la nyota za Njia Nyeupe. Regulus, iliyo angavu kuliko zote katika Simba, iko umbali wa miaka ya nuru 79 hivi. Leo P iko umbali wa takribani milioni 5. Kundi la galaksi, kwa upande wake, ni galaksi zinazoshikamana kwa nguvu ya mvutano. Kuandika "kundinyota" panapohitajika "kundi la galaksi" ni kumpa msomaji umbali usio wa kweli.