Tumbo na Moyo Mzito

Tunapotembelea watu manyumbani hatukosi kukutana na mama anayesema tumbo lajaa gesi, usingizi hana, na moyo ni mzito. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Majirani nao, "Hiyo ni mawazo tu, mama." Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo. Siku hizi tunaona kosa letu lilikuwa katika lile neno "tu".

Kwamba ubongo husumbua tumbo, kila mtu anajua. Muulize mtoto asubuhi ya mtihani amekwenda choo mara ngapi! Lakini njia hiyo ni ya kwenda na kurudi. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kichwani kupitia kifuani hadi tumboni, na habari nyingi inazobeba ni za kupanda juu, kumbe. Tena ndani ya utumbo mnaishi bakteria wengi ajabu, na wengi wao si adui. Wanakula makapi ya chakula tusiyoweza kusaga, kisha wanatoa kemikali ambazo baadhi yake hugusa neva hiyo.

Mwaka wa 2011 wataalamu wa Cork, Ireland, walilisha panya bakteria wa ukoo mmoja na wale wanaogandisha maziwa. Woga wa panya ulipungua. Wale waliokatwa neva ya vagasi hawakupata faida hiyo.

Jameni, panya ni panya. Bakteria hao hao walipojaribiwa kwa wanaume wenye afya, matokeo yakatolewa 2017, hawakuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kuponya huzuni, mwache aende zake. Na aliyeandikiwa dawa za ugonjwa wa huzuni asiziache eti anakunywa mursik.

Linalowezekana nyumbani ni hili: maharagwe, sukuma wiki, uji wa wimbi, maziwa lala kama yapo. Antibiotiki msinunue dukani kwa kukisia, maana zinaua hata bakteria wanaotusaidia.

Mtu akianza kusema amechoka kuishi, hapo msingojee uji. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Naye yule mama akirudi kliniki aeleze yote, tumbo, usingizi na moyo, hata kama ameulizwa habari ya tumbo peke yake.