Si uvivu, ni mshipa uliokataa kufunga

Mwezi huu tuanze na kosa letu sisi walimu. Tuna binti wa miaka 16 aliyekuwa anachelewa kila asubuhi. Kilima cha shule anakipanda akisimama mara nne, mara tano. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake. Nyumbani walisema karogwa. Mwaka jana kikohozi kilipokataa kuisha akapewa transferi ya Bujumbura, wakampima moyo kwa ekografi, wakakuta mshipa wa tangu tumboni mwa mama uko wazi bado.

Mtoto akiwa tumboni havuti hewa, anapata yote kwa mama kupitia kitovu. Mapafu hayajaanza kazi, kwa hiyo kuna mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkubwa wa mapafu na ule mkubwa wa mwili, damu ipite njia ya mkato. Waganga wanauita kanali ateriali. Mtoto akizaliwa na kuanza kuhema unajibana, na kwa kawaida siku 3 haziishi umeshafunga. Usipofunga, damu iliyokuwa inaenda mwilini inarudi mapafuni, moyo unafanya kazi ya bure. Ukiwa mpana, mtoto mchanga anatoka jasho akinyonya na kilo haziongezeki. Ukiwa mwembamba, mtu anaweza kuzeeka nao bila kujua.

Unawapata zaidi wasichana, waliozaliwa kabla ya wakati, na wale ambao mama zao walipata rubela mimba ikiwa changa. (Basi ile chanjo ya surua na rubela msiikimbie, jameni.) Uchawi haumo.

Na unatibika. Mwaka 1938, kule Boston, Marekani, daktari Robert Gross aliufunga kwa msichana wa miaka 7, akapona. Siku hizi wengi hawapasuliwi hata kifua, kizibo kidogo kinapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka pale. Ila ukichelewa miaka mingi, mishipa ya mapafu inakuwa migumu, damu inageuza njia, vidole vya miguu vinakuwa vya bluu na vya mikono vinabaki sawa. Hapo kuufunga ni hatari.

Binti yetu hajafika huko. Anasubiri jibu la kupelekwa nje, labda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako kazi hiyo inafanyika. Tumemwomba msamaha, na kuchelewa kwake hatukuandiki tena.

Mwenye mtoto anayehema hivyo aende naye kituo cha afya, aombe wamsikilize kifua. Mshipa huo mara nyingi una mlio wake, unavuma bila kukatika, kama mashine ya kusaga inayosikika mbali.