Biashara ya Mtandao na Mizani ya Chama: Fikra za Mshauri kutoka Mlali



Katika ukanda huu wa Mlali, kila ninapokaribishwa kwenye kikao cha chama cha msingi, halikosi kuulizwa swali hili: biashara ya mtandao itatufaa nini sisi wakulima wa alizeti, mbaazi, mahindi na mtama? Wapo wanaodai kwamba simu imekwisha kuondoa haja ya chama, maana mkulima aweza kumpigia mnunuzi yeyote amtakaye. Wapo pia wanaoiona kuwa ni mtego mpya wa walanguzi wale wale. Kwa kuwa kazi yangu ni kuvishauri vyama, nimeombwa nieleze ninavyoliona jambo hili.

Wilaya yetu ya Kongwa ina haki ya kumsikiliza kwa tahadhari kila anayekuja na mashine mpya. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Ardhi ya Kongwa, ambayo kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji, iliyavunja majembe ya matrekta hayo, na mvua ikawa haba. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Ieleweke kwamba mashine zilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni kuupima udongo na mvua kabla ya kuanza kazi.

Simu, kwa upande wake, imeingia pasipo mradi wala sherehe. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Leo mwanachama aliyeko Mlali aweza kuuliza bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa kabla hajakodi gari la kupeleka magunia Pandambili na kuishika barabara kuu. Faida hiyo si ndogo. Wakulima wa mbaazi wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zitakazoingia nchini mwake, na bei huku kwetu ikaporomoka vibaya. Habari za uamuzi wa namna hiyo zikimfikia mkulima mapema hazitampandishia bei, lakini zitampa nafasi ya kuamua kama auze, ahifadhi, au msimu ujao apande zao jingine.

Kuna hatua ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni mnada wa mtandaoni. Ndugu zetu wa korosho wa mikoa ya kusini wametutangulia. Tangu msimu wa 2024/25 korosho zao zimekuwa zikinadiwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa ufupi kama TMX, na ufuta na mbaazi za mikoa kadhaa zimepita njia hiyo hiyo. Utaratibu wenyewe si mgumu kuufahamu. Mazao hukusanywa ghalani, hupimwa uzito na ubora, na kwa mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekwa na sheria ya mwaka 2005 hutolewa hati inayoonyesha kiasi kilichopokelewa. Wanunuzi, wawe Dar es Salaam au ng'ambo, huweka bei zao, na bei hizo huonekana. Mnunuzi hulipa kwanza, ndipo apewe mzigo.

Tazameni basi ni nini anachokinunua mnunuzi huyo. Gunia hajaliona wala kuligusa. Anachokiona ni tarakimu zilizoandikwa na mtu ghalani. Kwa hiyo biashara nzima imesimama juu ya mizani ya chama na mkono wa katibu. Tuchukue mfano wa chama kilichopokea magunia 300 ya alizeti. Mizani ikipunja kilo 2 kwa kila gunia, zimepotea kilo 600. Bei ikiwa shilingi 900 kwa kilo, wanachama wamepoteza shilingi 540,000 kabla mnada haujafunguliwa, na hakuna simu itakayozirudisha. Vivyo hivyo alizeti yenye unyevu au mchanga: mnunuzi aliyedanganywa mara moja atapunguza bei ya ghala hilo msimu mzima, na wenye mazao safi wataadhibiwa pamoja na wenye machafu. Kwa maoni yangu chama chenye fedha kidogo kinunue kwanza mizani nzuri na kuipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwe. Kompyuta na ije baadaye.

Jambo jingine ni majina. Mkulima anapolipwa kwa njia ya benki au simu, jina lililoandikwa katika daftari la chama likitofautiana na lile la akaunti, malipo hukwama. Mtu ambaye kijiji kizima kinamwita Mzee Chilongani hana budi aandikwe kama kitambulisho chake cha Taifa kinavyosema. Kazi hii ifanyike kabla ya mavuno, kwa utulivu, wala si siku ya foleni.

Sasa niguse lililo zito. Katika baadhi ya vyama fedha za wanachama hupitia namba ya simu ya mtu mmoja, kwa kawaida katibu au mwekahazina. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini simu yake ikiibiwa, au yeye akifariki, fedha za chama zimekwisha changanyika na za nyumba yake, na warithi wake hawatajua zipi ni za nani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze hesabu na kukaguliwa, na mkaguzi hawezi kukagua mfuko wa mtu. Chama kifungue akaunti kwa jina lake, na kila malipo yaidhinishwe na viongozi zaidi ya mmoja. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa mjini Dodoma mwaka 2025 ni mahali pamoja pa kuulizia.

Nyumbani nako simu imeleta mambo yake. Wazee wetu wengi humpa mjukuu namba ya siri ili awasomee ujumbe, na si kila mjukuu ana subira mbele ya pesa. Matapeli nao huandika, «ile hela tuma kwenye namba hii», wakitumaini kwamba siku hiyo kuna mtu aliyekuwa akisubiri maelekezo kama hayo. Msimu wa malipo ndio msimu wao. Katibu awatangazie wanachama waziwazi kwamba chama hakitabadili namba wala akaunti kwa ujumbe wa simu, na kwamba badiliko lolote litasomwa mkutanoni na kubandikwa mlangoni pa ghala, likiwa na mhuri na sahihi za mwenyekiti na katibu.